Acheni "da" za watu: maneno ya dada yenu kwa mlioingia mwaka huu

Jumamosi iliyopita nilikuwa jikoni kamini, bweni letu la chuo, nasonga ugali kwa ule mălai wao, unga wa mahindi wa njano ambao ukizembea kidogo unageuka uji. Mezani walikaa wadogo zangu watatu, wote filolojia mwaka wa kwanza, wote wametoka mwaka wa maandalizi na vyeti vyao vya B2 bado vina joto la mashine. Mmoja akapaza sauti, tena kwa Kiromania, ili kila mtu asikie alivyoiva: "Hii lugha yenu ni Kirusi kilichovaa koti la Kiitaliano." Wakacheka wote watatu. Kwenye jiko la pili alikuwepo kijana wa hapa hapa, anakoroga ciorbă yake, supu ya hapa. Hakujibu. Aliweka kijiko chini polepole, akazima jiko, akaondoka na sufuria, viazi havijaiva.

Mimi kijiko kile nakifahamu. Kuna mwaka niliwekewa mimi.

Nina mwaka wa saba Cluj, huku Romania. Nimekula bursa (pesa ya ufadhili), nimekatiwa bursa, nimebeba restansa (mtihani wa kurudia), na kila Oktoba nawapokea nyie stesheni na mabegi yenu makubwa yasiyo na koti la baridi hata moja. Nawapenda, wallahi. Lakini mnafanya makosa yale yale kwa mpangilio ule ule, kama daladala: abiria wapya, vituo vya zamani. Nimeamua kuyaandika, ili mwakani nimpe mtu karatasi nikalale.

1. Usiipime lugha ya mtu kwa kuhesabu maneno

Hapa nitakaa. Wenye haraka rukeni mpaka namba tatu.

Mwaka wa pili, semina ya lugha za Kirumi, kila mmoja anachagua mada. Wenzangu walichagua vitu vya amani: irabu ndefu, wakati ujao, Kisardinia. Mimi nilitaka kuonekana. Mada yangu iliuliza: Je, Kiromania ni lugha ya Kilatini kweli? Na jibu nilikuwa nalo kabla sijafungua kitabu. Kwani nilikuwa nimeishi hapa mwaka mzima nasikia nini? *Da*, ndiyo, Kislavi. *Prieten*, rafiki, Kislavi. *A iubi*, kupenda, Kislavi. *Noroc*, bahati, Kislavi. *Sută*, mia, Kislavi. *Oraș*, mji, Kihungaria. Nikajiuliza: mtu ambaye ndiyo yake ni ya kuazima, rafiki yake wa kuazima, mapenzi yake ya kuazima, Ulatini wake uko wapi?

Nikachukua kamusi. Nikachagua herufi tatu. Wiki mbili nzima nahesabu asili ya neno moja moja, usiku, na chai ya mkandaa. Nikachora chati ya duara: nyekundu Kislavi, bluu Kilatini, kijani Kituruki na Kihungaria na Kigiriki. Bluu nilihesabu Kilatini cha kurithi tu. Yale yote yaliyoingia karne ya 19 kutoka Kifaransa na Kiitaliano niliyatupa kapu la wageni. Mnaona wenyewe nilivyompunja mtu mizani huku nimemtazama usoni. Ile chati nilikuwa najivunia kuliko cheti cha kidato cha sita. Niliituma nyumbani Tanga. Mama akajibu: nzuri, ni pizza?

Siku ya siku. Tulikuwa kumi na wanne darasani. Nikawasha projekta, nikazungumza dakika ishirini, nikafunga kwa sentensi niliyoikariri njiani kwenye tramu: Kiromania ni lugha ya Kislavi iliyofundishwa Kilatini shuleni. Nikanyamaza nisubiri sifa.

Kimya. Dada mmoja wa mbele, ametoka Chișinău, mji mkuu wa Moldova, alikuwa ameshafunga begi lake. Kalamu ameiweka juu ya meza, taratibu, vile vile kama kile kijiko.

Doamna, yaani mwalimu wetu wa semina, hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alikwenda ubaoni akaandika: *Prietenul meu iubește o fată din oraș.* Rafiki yangu anampenda msichana wa mjini. Akanipa dasta, akaniambia futa kila kisicho cha Kilatini. Nikafuta kwa raha: *prieten* kwaheri, *iub* kwaheri, *oraș* kwaheri. Vikabaki *-ul meu*, *-ește*, *o fată din*. Akauliza hivyo vilivyobaki vimetoka wapi. Nikajibu, maana nilikuwa nimesoma, ujinga wangu haukuwa wa uvivu: *-ul* ni *ille*, *meu* ni *meum*, *-ește* ni kile kiambishi cha *-esco*, *o* ni *una*, *din* ni *de* na *in*. Akatikisa kichwa. Halafu akasema, sasa tuandikie sentensi ya kwenu.

Nami kwa kiherehere nikaandika ya kwanza iliyonijia: *Rafiki yangu anasafiri alfajiri.*

"*Rafiki* ni neno la asili gani?"

"Kiarabu."

"*Safiri*?"

"Kiarabu."

"*Alfajiri*?"

"Kiarabu, doamna."

"Futa."

Nikafuta. Ubaoni pakabaki *yangu* na *ana-*. Watu kumi na watatu wanatazama.

"Basi," akasema, "Kiswahili ni Kiarabu."

Jamani. Mimi huyu, kidato cha tano niliyekosana wiki nzima na mwenzangu aliyesema Kiswahili ni Kiarabu kilichoharibika. Mimi niliyemwambia mjomba wangu mbele ya wageni kwamba lugha ni mifupa, siyo nguo. Nikalipuka. Nikasema hapana, siyo kweli, ngeli zote ni za Kibantu, vitenzi ni vya Kibantu, tazama *anasafiri*, hiyo *safiri* imekuja kutoka kwa watu lakini *a-na-* ndiyo inayoiendesha, na hata *kitabu* chao tumekichukua tukaona kina *ki-* mbele, tukakitia kwenye ngeli, leo tunasema *vitabu* na Mwarabu mwenyewe haelewi, huwezi kuipima lugha kwa kuhesabu...

Hapo ndipo nilipojisikia. Katikati ya sentensi, mdomo wazi, dasta mkononi.

Akasema neno moja tu: "*Continuați.*" Endelea.

Sikuendelea. Mkuki kwa nguruwe. Nikakaa chini na chati yangu ya pizza bado inang'aa ukutani, maana hakuna aliyekumbuka kuzima projekta, na mimi miguu ilikuwa haina nguvu ya kwenda.

Alinipa nne. Mnajua nne maana yake nini: restansa, Septemba, wakati wenzako wako baharini Constanța. Ila aliniandikia majina mawili pembeni ya karatasi, Cihac na Hasdeu, na ndiyo yaliyoniokoa. Alexandru Cihac alitoa kamusi ya asili za maneno, juzuu mbili, 1870 na 1879. Akahesabu kama mimi, akatoka na jibu kwamba katika maneno matano ni moja tu la Kilatini, na Kislavi kina mawili. Bogdan Petriceicu Hasdeu akamjibu kwa kitu kinachoitwa nadharia ya mzunguko: neno lipimwe kwa linavyotumika. Ni kama hela. Noti ya zamani iliyolala kabatini na shilingi inayopita mikono mia kwa siku huwezi kuzihesabu moja moja ukasema zimelingana. Chukua sentensi kumi za mama anayemgombeza mtoto sokoni, uone Kilatini kilivyojaa. Kosa langu, kumbe, lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia na lilishajibiwa na watu wenye ndevu.

Restansa niliifaulu. Kilichobaki kuniuma ni yule dada wa Chișinău.

Nilimkuta kwenye korido baada ya wiki. Akaniambia bibi yake alijifunza kusoma lugha yake kwa herufi za Kisiriliki, akaambiwa shuleni, enzi za Usovieti, kwamba anachosema ni Kimoldova, siyo Kiromania, na kwamba udugu na Roma ni hadithi ya mabwanyenye. Tarehe 31 Agosti 1989 ndipo sheria iliporudisha herufi za Kilatini Moldova. Siku hiyo sasa ni sikukuu kwao. Katiba ya 1994 bado iliandika "lugha ya Kimoldova". Mahakama ya Katiba ikasema Kiromania mwaka 2013, na bunge likabadili maandishi Machi 2023. Ng'ambo ya mto, Transnistria, kipande cha Moldova kilichojitenga, wanaandika kwa Kisiriliki mpaka leo. Kwa hiyo mimi nilivyosimama pale na rangi zangu nyekundu na bluu, kwake nilikuwa afisa elimu wa zamani aliyerudi akiwa amesuka nywele.

Nikamwomba radhi. *Îmi pare rău.* Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Ile ya kwanza ni *î*, siyo *i*. Rudia." Nikarudia mara nne. Leo ndiye anayenisahihishia kila ninachoandika, na hajawahi kusema amenisamehe.

Waliokuwa hawajasoma historia yao ya Transilvania, jimbo hili la Cluj, wajue pia ubishi huu umeanzia wapi. Karne ya 18 hapa kulikuwa na mataifa matatu yanayotambuliwa: wakuu wa Kihungaria, Wasaksoni na Wasekeli. Waromania walikuwa wengi na hawakuwemo. Wakatokea mapadri wasomi, Samuil Micu, Gheorghe Șincai, Petru Maior. Micu na Șincai wakachapa sarufi Vienna mwaka 1780, kwa Kilatini, lugha yao wameiandika kwa herufi za Kilatini wakati makanisani bado ni Kisiriliki. Mwaka 1791 likaenda ombi kwa Kaisari Leopold wa Pili kudai haki, na hoja mojawapo ni hiyo: sisi ni wa tangu Trajan, Kaisari wa Roma aliyeiteka nchi hii, mnatuitaje wageni? Asili ilikuwa hati ya kiwanja. Ukimwambia mtu asili yake ni ya kughushi, yeye anasikia unamwambia ahame.

2. Wala usivuke upande wa pili

Baada ya restansa niliokoka. Nikaanza kusafisha Kiromania changu. Sisemi *prieten*, nasema *amic*. Sisemi *dragoste*, mapenzi, nasema *amor*. Mama anayeuza brânză, jibini, soko la Mihai Viteazul akaniuliza kama nimempata bwana mshairi. Na hilo nalo lilishafanywa kabla yangu: Laurian na Massim, kamusi ya 1871 mpaka 1876, iliyoagizwa na chama cha wasomi chenyewe, wakang'oa Kislavi wakapanda Kilatini cha kutunga. Watu wakacheka, kamusi ikabaki rafu. Hata *brânză* asili yake haijulikani kwa hakika, wengi wanadhani ni ya wale waliokuwepo kabla ya Warumi, na hakuna Mromania atakayekubali uiondoe mezani.

3. *Mie* ni elfu

Narudia: *o mie* ni elfu moja, na ukisikia *mia de lei* ni hiyo hiyo elfu, siyo mia ya kwenu. Kila mwaka kuna mmoja anakubali kodi ya chumba huku anatabasamu.

4. Andika *sunt*

Ni tahajia ya neno la "mimi ni". Akademia ya Romania iliamua 1993, ila mwalimu wako akiandika *sînt* wewe nyamaza na uandike kama yeye mpaka sesiune, msimu wa mitihani, ipite.

5. Mbwamwitu wa Eroilor

Msiwapande wale watoto wa sanamu ya mbwamwitu jike wa Roma, barabara ya Eroilor, mkipiga picha. Hilo ndilo la msingi. Sanamu ile imetoka Roma mwaka 1921, na maandishi yake yanasema Roma Mama kwa mji wa Cluj. Bucharest walipata yao 1906. Mtawaona mbwamwitu hawa kila mji, na kila mji watoto wawili wananyonya, na kila Oktoba mmoja wenu anakaa mgongoni mwa Romulus na kofia ya Yanga.

Ila muwe mnatazama na jina la mji. Napoca ni jina la Kirumi kweli, mji ulipata hadhi yake chini ya Hadrian. Lakini ukisema "Cluj-Napoca" unasoma uamuzi wa Ceaușescu wa mwaka 1974. Na mwaka 1980 serikali ile ile ikaadhimisha miaka 2050 ya dola ya Burebista, mfalme wa Wadakia, wenyeji wa kale wa huku, aliyetawala kabla Mrumi hajakanyaga huku. Upepo ukivuma huku tunakuwa wana wa Trajan, ukigeuka tunakuwa wana wa Decebal, mfalme wa Dakia aliyepigwa na Trajan. Wengi wanakubali wote wawili, baba na mama, na hawaoni tabu. Nina jirani ghorofa ya tatu, kaka mmoja Traian, mdogo wake Decebal. Wanagombania bafu.

Swali la maana hapa mimi liliniingia nikiwa likizo, Mombasa, ndani ya Fort Jesus, ngome ya Wareno. Wareno walikuwa pwani yetu takriban miaka 200, tangu Vasco da Gama 1498 mpaka ngome kuanguka 1698. Wametuachia nini? *Meza, mvinyo, kasha, bendera, leso, karata, turufu.* Na *gereza*, ambalo kwao ni *igreja*, kanisa; watu wa Mombasa waliangalia lile jengo wakaelewa wanavyoelewa. Warumi nao, vita vya Dakia vya 101 mpaka 106, kisha Kaisari Aurelian akaondoa majeshi miaka ya 270. Haifiki miaka 170. Wakaacha sarufi nzima. Kwa nini? Nenda kwenye neno *bătrân*, mzee. Linatoka *veteranus*, askari mstaafu. Mzee wa kijiji alikuwa askari aliyemaliza mkataba, akapewa shamba, akaoa, akazaa, akazeekea hapo. Watu waliletwa wengi kutoka pande zote za dola, wakajenga miji, wakachimba dhahabu. Mreno alikaa ngomeni anangoja meli. Hii hoja niliiweka kwenye tasnifu yangu nikapata tisa, kwa hiyo msiibe bila kunitaja.

Na mkae mkijua: kwamba walibaki huku baada ya Aurelian, au walirudi baadaye kutoka kusini ya Danube, ni mjadala ambao wanahistoria wa Kiromania na wa Kihungaria wameupigana vizazi. Cluj ina wote wawili. Usiufungue kwenye meza yenye pálinka, pombe kali ya matunda.

6. Warumi, Waroma, Waromania

Watatu tofauti. Waroma ni watu wengine kabisa, lugha yao asili yake ni India, na ukiwachanganya na Waromania kwa mzaha umewatukana wote wawili kwa pumzi moja. Mliopita madrasa mnaijua sura ya Ar-Rum. Wale Warumi wa Konstantinopoli walikuwa wanazungumza Kigiriki, na bado waliapa ni Warumi. Huku jina *rumân* lilifika mahali likamaanisha mtwana aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana, wakati majirani wao wakiwaita Wavlahi. Jina la Roma limepita vichwa vingi. Mwacheni kila mtu avae la kwake.

7. Mashindano ya Erasmus

Ni ya wanafunzi wa Erasmus, mpango wa kubadilishana wanafunzi wa Ulaya. Kila mwaka yanatokea, kwa kawaida Novemba, kwa kawaida jikoni ghorofa ya pili. Nani Mlatini zaidi? Mwitaliano anaanza, anadhani jibu ni yeye. Mhispania anasema Trajan alizaliwa kwao, Italica karibu na Sevilla, na ni kweli. Mromania anasema sisi ndio tuliobaki na miishio ya nomino inayobadilika kwa kazi yake katika sentensi, nyie mliitupa wapi? Naye ni kweli. Mreno anasema nyote mnapiga kelele. Mfaransa anaosha vyombo. Mwaka wangu wa tatu kulikuwa na binti kutoka Sardinia, mkimya, anakula tambi zake. Walipochoka akasema nyumba kwao ni *domo*, na mia ni *chentu*, kwa K, kama alivyotamka Cicero, msemaji wa Roma ya kale. Akarudi kwenye tambi. Hakuna aliyempinga.

Nyie msiingie. Mkiulizwa, semeni kwamba mzee wa Tanga anayepiga turufu barazani anatamka *triumphus*, gwaride la ushindi la majenerali wa Roma, na hajui, na amekula karata zote. Watacheka na mtaalikwa chakula.

Mkitaka kubishana kweli, waulizeni Ulatini ni wa nani. Kulikuwa na Umoja wa Kilatini, mkataba wake ulitiwa saini Madrid mwaka 1954, ukasimamisha shughuli 2012 kwa ukata. Ndani yake Italia, Ufaransa, Romania, lakini pia Senegali, Angola na Msumbiji, jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Mmakonde wa upande ule alikuwa Mlatini kwa makaratasi, binamu yake wa Newala siyo. Na "Amerika ya Kilatini" ni jina la karne ya 19. Lilianza kuvuma miaka ya 1850 kwa waandishi kama Francisco Bilbao wa Chile na Torres Caicedo wa Kolombia, walioogopa kumezwa na Marekani, kisha Napoleon wa Tatu akaona linamfaa kwa vita vyake vya Meksiko. Niliwahi kumwona Mbrazili na Mromania wakikumbatiana, "sisi Walatini!", halafu wakakaa saa nzima wakigundua hawana hata mlo mmoja wa pamoja. Waliishia kwenye mpira.

8. Usimcheke anayesahihisha, wala usimwamini sana

Kuna orodha ya kale, *Appendix Probi*, mwalimu anawakataza watu: semeni *calida* (ya moto), siyo *calda*. Leo Mromania na Mwitaliano wote wanaoga maji ya *calda* ile ile. Mkumbukeni huyo mwalimu mkiniona nawasahihisha Kiswahili chenu cha kwenye simu.

9. Rekodini wazee

Simu mnazo, hifadhi mnayo, anzeni. Tarehe 10 Juni 1898, kisiwa cha Krk (Veglia kwa Kiitaliano), Kroatia ya leo, mlipuko wa kazi za barabara ulimuua Tuone Udaina, na Kidalmatia, lugha ya ukoo wa Kilatini, kikaisha siku hiyo hiyo. Mwaka mmoja kabla Matteo Bartoli, mwanaisimu, alikuwa amekwenda kumhoji, na karibu yote tunayoyajua ya lahaja ile ya Veglia yametoka kwake. Mzee alikuwa haongei lugha hiyo kwa takriban miaka ishirini. Alikuwa kiziwi kidogo. Hana meno. Na haikuwa hata lugha aliyolelewa nayo. Aliidaka kwa kusikiliza wazazi na bibi yake wakisemezana faraghani. Tawi zima la Kilatini limebaki kwenye mdomo wa kibogoyo aliyekuwa anadukiza mazungumzo ya wakubwa.

Niliposoma hayo nilimpigia simu bibi, anayejua Kisegeju na hakunifundisha. Nikamwomba aseme chochote. Akasema nitumie hela ya dawa kwanza. Nina dakika arobaini sasa, nyingi ni za dawa.

10. Ya kumi nilikuwa nimeipanga iwe juu ya adabu za kumwita profesa, lakini mnazijua: *doamna profesoară*, simama akiingia, usitume ujumbe usiku wa manane.

Yule mdogo wangu wa koti la Kiitaliano nilimfuata chumbani jioni ile na sahani ya ugali. Tukaongea vizuri. Akasema, dada, nimekuelewa, kesho nitamtafuta yule kaka nimwombe radhi. Nikamfundisha *î*. Mara nne. Alikuwa na wasilisho Alhamisi, akaniomba nimpitishie rasimu, nikachukua.

Ukurasa wa pili kuna chati ya duara.

Wadogo zangu, nyekundu na bluu.

Rangi zile zile.

Nimeweka kettle jikoni, ghorofa ya pili, leo saa mbili usiku. Mwambieni aje na kamusi, na nyie wengine njooni na sukari, imeniishia.